Mungu ndo anaweka wafalme, sawa, lakini hajasema wote wako sawa

Hapa Mombasa kampeni zikianza, uwe umekaa barazani Mji wa Kale na kahawa yako chungu ama umesimama unangoja feri Likoni, lazima utaskia mtu anasema "huyo ni chaguo la Mungu, muacheni", mwengine anadakia "kila kitu kishapangwa, kura yako itabadilisha nini", na wote wawili wanaapa wameitoa kwa Biblia. Haya, tufungue hiyo Biblia.

Dhana: Aliye kitini kawekwa na Mungu, kwa hivo ukimkosoa umemkosoa Mungu

Nusu ya kwanza iko, Danieli 2:21 inasema Mungu huondoa wafalme na kuweka wafalme, na Paulo kwa Warumi 13 anaandika kwamba mamlaka yaliyopo yamewekwa na Mungu, tena Kaisari wakati huo ni Nero! Ile nusu ya pili watu wamejiongezea. Nabii Nathani alimwambia mfalme Daudi usoni, kwa dhambi yake, "wewe ndiwe mtu huyo", nabii Eliya akamfuata mfalme Ahabu mpaka kwa shamba la mizabibu alilompora Nabothi, alafu kwa Hosea 8:4 Mungu mwenyewe analalamika ati Israeli wamejiwekea wafalme bila shauri lake.

Dhana: Ukishinda, Mungu yuko upande wako

Hii ndo kubwa yao, na jibu lake liko Isaya 10, isome pole pole. Ashuru, ile dola kubwa ya wakati huo, anaitwa fimbo ya hasira ya Mungu, yaani katumwa, lakini mstari wa 7 unasema yeye mwenyewe wala hana habari na hilo, moyoni mwake ni kuangamiza mataifa tu, alafu mstari wa 12 Mungu anasema akishamaliza kazi yake Sayuni, yaani Yerusalemu, atamgeukia huyo huyo mfalme kwa ajili ya kiburi chake. Umetumika na bado utaulizwa! Ninawi, mji wao mkuu, ukaanguka 612 KK mikononi mwa Wababeli na Wamedi. Wababeli nao wakabomoa Yerusalemu kama 586 KK hivi, na nabii Yeremia anamuita Nebukadreza, mfalme wao, mtumishi wa Mungu bila kuona haya, lakini sura ya 25 Babeli nayo ishawekewa zamu yake, miaka 70 ikitimia. Mfalme Koreshi wa Uajemi akaingia Babeli 539 KK.

(Na kwa wale wanaodhani jina takatifu linatosha: Wareno walianza kujenga Fort Jesus 1593, Yesu mwenyewe kwa jina la ngome, na 1698 Waomani wakaichukua.)

Dhana: Mungu hutumia wanaomjua tu

Isaya 45 inamuita huyo Koreshi masihi wa Bwana, mpakwa mafuta, na papo hapo inamwambia hukunijua. Na kweli hakumjua, manake ile silinda yake ya udongo iliyochimbwa Babeli 1879, saa hii iko British Museum kule London, inasema aliyemchagua ni Marduki, mungu wa Babeli. Wayahudi waliokuwa mateka Babeli wakarudi kwao vile vile.

Dhana: Mungu alishughulika na Israeli tu

Amosi 9:7. Aliyewatoa Israeli Misri anasema ndiye aliyewatoa Wafilisti Kaftori na Washami Kiri, na Wakushi anawataja hapo hapo. Imeisha hiyo.

Dhana: Kishapangwa, kwa hivo tukae tu

Yeremia 18:7-10 Mungu anasema akitangaza kulivunja taifa, nalo likaacha uovu wake, anaghairi, na Ninawi ya Yona, kabla ya kule kuanguka kwake, ilipona hivo hivo. Ama chukua Yeremia 29, barua kwa mateka walioko Babeli, mji wa adui: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni mji huo amani. Sasa wewe unayesema huendi kupiga kura kwa sababu Mungu anatawala, hao walitajiwa na miaka kabisa, 70, na bado wakaambiwa wajenge.