Maji mengi na kikao cha washirika

Hapa Dodoma ukiuliza Wabaptisti ni akina nani, utajibiwa: "Wale wa maji mengi." Na maji mengi Dodoma si jambo dogo. Kisima chetu cha ubatizo tunakijaza kwa boza, na ubatizo ukiangukia Oktoba, kabla ya mvua, ibada ikiisha hakuna anayethubutu kuyamwaga. Jumatatu mafundi wanayafyatulia matofali.

Mimi nafundisha historia ya kanisa, na wanafunzi hushtuka nikiwaambia waasisi wetu hawakuzamisha mtu. John Smyth alipojibatiza mwenyewe kule Amsterdam mwaka 1609, kisha akambatiza Thomas Helwys na wenzao, walimwagiana maji tu. Kuzamisha ndiko kulikowekwa kwenye ungamo la imani la makanisa ya Kibaptisti ya London mwaka 1644. Walichokifia kilikuwa kingine: mtu abatizwe akishaamini mwenyewe, na kanisa liwe la hao walioamini, si la kila aliyezaliwa chini ya mfalme. Helwys alirudi Uingereza na mwaka 1612 akaandika kwamba mfalme ni binadamu, hana mamlaka juu ya roho za watu, wawe Wayahudi, Waislamu au hata wazushi. Akafungwa Newgate, gereza la London.

Mama mmoja wa Kigogo, aliyebatizwa uchangani na Waanglikana kama wengi wa huku, aliniuliza: "Mwalimu, kwa hiyo bibi yangu alikosea kunipeleka?" Nikamwambia bibi alikuombea vizuri, ila imani aliikiri yeye kwa niaba yako; sasa ikiri wewe. Alikaa miezi minne akifikiri. Sikumharakisha, maana kumharakisha kungekuwa kukana somo lenyewe.

Wapo wenzangu wanaotaka niruke sehemu inayofuata. Wamishonari waliotuletea jina hili, walioingia Tanganyika mwaka 1956, walitoka kwenye umoja wa Southern Baptist, ulioundwa Marekani mwaka 1845 kwa sababu Wabaptisti wa Kusini walitaka wenye watumwa waruhusiwe kuwa wamishonari. Uliomba radhi mwaka 1995. Siruki, kwa kuwa ukoo wetu una mzee mwingine: George Liele, Mmarekani mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, alishakuwa Jamaica akihubiri miaka kumi hivi kabla mmishonari Mwingereza William Carey hajafika India mwaka 1793. Wanafunzi wote wanamjua Carey. Liele hawamjui.

Ukiniuliza kesho yetu, sina wasiwasi na maji. Wasiwasi wangu ni kikao cha washirika, ambako waumini wote huamua mambo ya kanisa kwa kura. Tangu serikali ihamie huku tumepata watu wengi wazuri waliolelewa makanisa yenye amri kutoka juu, nao huona kikao kinapoteza muda: mchungaji si aamue tu? Na wachungaji, tuseme kweli, wengine wanaupenda mno uaskofu.

Kikao chetu cha mwisho kilijadili vyombo vya muziki. Ofisa mmoja wa wizara alieleza vizuri, na bei alikuwa nazo. Kisha akasimama bibi mmoja muuza karanga, akaanza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kigogo: kwa nini kila ubatizo tunalipia boza upya? Ofisa akanyoosha mkono, mwenyekiti akamwambia asubiri zamu yake. Akasubiri.

Tulipiga kura kwa mikono. Tumenunua tangi.