Hawaii: jimbo lililokuwa nchi

Wengi wetu Afrika Mashariki tunaijua Hawaii kwa sababu ya Obama. Baba yake aliondoka Kenya akafika Honolulu mwaka 1959 kusoma chuo kikuu, na mtoto akazaliwa huko huko Agosti 1961. Mwaka 1959 ndio Hawaii ilipoingizwa rasmi kuwa jimbo la 50 la Marekani. Wanafunzi wakilisikia hilo darasani huuliza: je, kabla ya hapo ilikuwa nini? Wapo wanaojibu haraka kwamba ilikuwa koloni. Jibu hilo linaruka sehemu kubwa ya habari, kwa maana Hawaii ilikuwa nchi kamili, yenye mfalme, katiba, bunge na wawakilishi wake ng'ambo.

Nahodha Mwingereza James Cook alitia nanga huko 1778, na mwaka uliofuata akauawa katika ghuba ya Kealakekua. Machifu wa visiwa walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, hadi Kamehameha, chifu wa kisiwa kikubwa, alipoviweka vyote chini ya utawala mmoja kufikia 1810. Wamisionari Wamarekani walifika 1820, wakaiwekea lugha herufi, na wenyeji wakajifunza kusoma kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1843 Uingereza na Ufaransa zilitamka kwa maandishi kwamba zinaitambua Hawaii kuwa dola huru. Kasri ya 'Iolani pale Honolulu iliwashwa taa za umeme kabla ya Ikulu ya Washington.

Kilichouponza ufalme ni sukari. Mkataba wa 1875 uliiruhusu sukari ya Hawaii kuingia Marekani bila ushuru, na mashamba ya miwa, ambayo mengi yalikuwa mikononi mwa wageni na watoto wa wamisionari, yakatajirika. Wenye mali wakataka na madaraka. Mwaka 1887 walimlazimisha Mfalme Kalākaua, huku wenye bunduki wamesimama karibu, atie saini katiba iliyompokonya nguvu na kuwanyima kura wengi wa raia wake. Mpaka leo inaitwa Katiba ya Singe. Dada yake, Malkia Lili'uokalani, alipotaka kuibadilisha Januari 1893, kamati ya watu 13 ilitangaza kumpindua. Balozi wa Marekani alikwisha kuwateremsha wanajeshi kutoka meli ya kivita USS Boston. Malkia hakutaka damu imwagike. Alikabidhi madaraka kwa serikali ya Marekani, si kwa wapinduzi, huku akiandika kwamba anafanya hivyo chini ya pingamizi, mpaka ukweli uchunguzwe. Rais Cleveland alituma mchunguzi, akaridhika kwamba malkia ameonewa, akataka arudishwe. Wapinduzi wakakataa, na mwaka 1894 wakajitangazia jamhuri.

Hapa ndipo penye ushahidi ambao, kwa maoni yangu, kila mwanafunzi wa historia angepaswa kuuona kwa macho yake. Mwaka 1897 Washington ilipokuwa ikiandaa mkataba wa kuimeza Hawaii, vyama vya wazalendo, cha wanaume na cha wanawake, vilizunguka visiwa vyote na karatasi za kupinga. Kichwa cha kila karatasi kimepigwa chapa kwa Kihawaii na Kiingereza. Chini yake yamepangwa majina kwa mwandiko wa mkono, na kando ya jina, umri. Saini zilizidi 21,000, wakati ambapo Wahawaii wa asili wote, watoto wakiwemo, hawakuzidi sana 40,000, kwa kuwa maradhi yaliyoletwa na meli yalikuwa yamewapukutisha. Wajumbe wanne walizichukua karatasi hizo hadi Washington, na Seneta George Hoar akaziwasilisha. Mkataba ulihitaji theluthi mbili ya Seneti, na kura hizo hazikupatikana.

Basi ikatafutwa njia ya pembeni. Vita na Hispania vilipoanza 1898, Marekani ilitaka kituo cha meli njiani kwenda Ufilipino. Bunge likapitisha azimio la kawaida, lisilohitaji theluthi mbili, na Agosti bendera ya Hawaii ikateremshwa kasri. Karatasi zile zilikaa kwenye nyaraka za taifa huko Washington, bila kutajwa sana, mpaka mtafiti Noenoe Silva alipozifukua miaka ya 1990. Zilipoonyeshwa Honolulu, watu walipekua wakitafuta majina ya mabibi na mababu zao.

Mashamba ndiyo yaliyojaza visiwa watu wa kila namna: Wachina, Wajapani, Wareno, Wafilipino. Mfanyakazi alivaa kipande cha chuma chenye namba yake, na mnyapara alimwita kwa namba. Mkenya aliyesimuliwa habari za kipande, kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kuvaa shingoni wakati wa ukoloni, hahitaji maelezo zaidi. Kambini watu hao walichanganya lugha wakazaa pijini ambayo hadi leo ndiyo inayomtambulisha mtu wa Hawaii mbele ya mgeni, na jimbo lenyewe halina kundi moja la watu linalozidi nusu ya wakazi wake.

Kihawaii chenyewe kilikaribia kuzikwa. Tangu 1834 kilikuwa kimechapisha magazeti zaidi ya 100, lakini sheria ya 1896 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na la mwisho kati ya magazeti hayo lilifungwa 1948. Katika kura ya 1959, zaidi ya asilimia 90 walisema ndiyo kwa ujimbo. Ila karatasi ya kura haikuwa na nafasi ya uhuru. Mtu alichagua kuwa jimbo au kubaki eneo lililo chini ya Marekani bila kuwa jimbo.

Mambo yalianza kugeuka miaka ya 1970. Mwaka 1976 mtumbwi Hōkūle'a ulisafiri hadi Tahiti bila dira, ukiongozwa na Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, aliyesoma nyota na mawimbi. Mwaka 1978 Kihawaii kikaandikwa katika katiba ya jimbo kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka 1984 ikafunguliwa shule ya kwanza ya chekechea inayokitumia peke yake.

Mwaka 1993, miaka mia baada ya mapinduzi, Bunge la Marekani liliomba msamaha kwa azimio ambalo Rais Clinton alilitia saini. Azimio linakiri kwamba Wahawaii hawakuwahi kukubali kuachia madai yao juu ya ardhi ya taifa, karibu eka milioni 1.8 zilizochukuliwa 1898. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba msamaha huo hauizuii serikali ya jimbo kuiuza ardhi hiyo. Mwaka huo huo bunge la jimbo likapitisha sheria yake: kuuza kipande chochote kunahitaji kura za theluthi mbili katika kila baraza.