Kikaragosi huanzia miguuni

Mwezi wa tatu mwaka huu binti mmoja alikuja karakanani kwangu, Tanga, amebeba boksi la viatu. Ndani yake, juu ya pamba, alikuwa amelaza kikaragosi cha bibi kizee. Kichwa kilikuwa kizuri mno. Makunyanzi yamechorwa kwa ncha ya sindano, meno mawili ya mbele hayapo, kope zimepandwa unywele mmoja mmoja. Kichwa hicho peke yake kilimchukua majuma matatu. Akakitoa kikaragosi, akakisimamisha mezani, kikaanguka kifudifudi. Akakiinua, kikaanguka tena.

"Dada, gundi gani itakishika?"

Nikamwomba ruhusa, nikachomoa kichwa, nikakiweka rafuni. Nikamwambia tutaanza na kilichobaki.

Najua ilimuuma. Lakini nimetengeneza vikaragosi vya stopu mosheni kwa miaka 11 sasa, vile unavyovisogeza kidogo, unapiga picha, unavisogeza tena, na karibu kila anayeanza nimemwona akianzia usoni. Naelewa, kwa sababu uso ndio tunaosalimiana nao. Ila mtazamaji hukiamini kikaragosi pale anapoona kina uzito, na uzito unaonekana miguuni.

Mmoja wa waasisi wa kazi hii alianza na miguu hasa. Mwaka 1910 Władysław Starewicz, aliyekuwa akifanya kazi kwenye makumbusho huko Kaunas, Lithuania, alitaka kupiga filamu ya mbawakawa wakipigana, wale wenye taya kama pembe. Wadudu wale ni wa usiku. Taa zikiwashwa, wanatulia tuli. Akachukua waliokufa, akawang'oa miguu, akaipachika upya kwa waya na nta, kisha akawapiga picha moja moja. Miaka miwili baadaye akatoa filamu fupi ya visa vya ndoa, mume na mke wote wadudu, kila mmoja na mpenzi wake wa pembeni. Itazame ukijua kwamba uso wa mbawakawa haukunjiki wala haukunjuki. Hasira, aibu na tamaa zote zimo kwenye miguu, vipapasio vya kichwani na namna kiwiliwili kinavyoinama. Mimi huwaonyesha wanafunzi filamu hiyo siku ya kwanza, kabla hawajashika koleo.

Sasa tuje kwenye waya, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Mifupa ya kikaragosi ni waya wa alumini. Ule laini wa mafundi sanaa haupatikani kirahisi kwetu, kwa hiyo mimi hutumia mabaki ya waya mgumu ninayopata kwa mafundi umeme. Waya huo umevutwa kiwandani ukiwa baridi, ndiyo maana ukiukunja unataka kurudi ulikotoka, na baada ya mikunjo michache unakatika. Dawa yake ni moto, lakini moto wa kupimwa. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, hivyo ukisubiri rangi ya makaa utaukuta umedondoka jikoni. Paka waya sabuni ya mche iliyolowa kidogo, upitishe juu ya jiko la mkaa huku ukiusogeza bila kusimama. Sabuni itakuwa kahawia, kisha nyeusi. Ikishakuwa nyeusi, toa. Ukipoa, ukunje kidoleni: utakaa pale pale ulipouacha. Nilipoujaribu mara ya kwanza nilikaa jioni nzima nikikunja na kukunjua kipande kimoja kwa furaha.

Kata waya mrefu, ukunje katikati, tundika kitanzi kwenye msumari, ncha mbili zibane kwenye drili, zungusha polepole. Usiukaze hadi ulie. Nyuzi mbili zilizosokotana zina faida yake: mmoja ukikatika katikati ya kazi, wa pili unakuvusha hadi mwisho wa tukio. Kisha vika paja na ugoko ile gundi ya kukanda ya mafundi bomba, ikikauka inakuwa mfupa, na goti uliache wazi.

Goti hilo uliache wazi la kutosha. Kwenye kikaragosi cha sentimita 25 mimi huacha sentimita moja na nusu. Zamani niliacha milimita 4 tu, nikidhani goti fupi ndilo linalofanana na la mtu. Waya ukawa unakunjika pahala pamoja tu, pale pale kila mara, na ukachoka. Kikaragosi changu kilikuwa kinapanda ngazi. Goti likakatika kwenye picha ya 212. Nililiunga, lakini hakikurudi tena kwenye mkao ule, nikarudia tukio zima tangu picha ya kwanza.

Kwenye unyayo nafukia nati ya milimita 3. Jukwaa ni plaiwudi iliyotobolewa matundu, na bolti inapita kwa chini na kukaza unyayo mahali pake. (Wengine wanatumia sumaku juu ya bati. Kwa kikaragosi chepesi inafaa, kizito kinateleza.) Nati naiweka chini ya vidole, si chini ya kisigino. Ukitembea, kisigino ndicho kinachoanza kuinuka na vidole vinabaki chini kitambo. Ukifunga kisigino, kikaragosi kitatembea kama kinang'oa magunia.

Yule binti nilimfundisha kutembea kwa ukuta. Jaribu nawe: simama ubavu wa kushoto umegusa ukuta, mguu wa kushoto nao umebana ukutani, halafu inua mguu wa kulia. Hauinuki, kwa sababu nyonga haina pa kwenda. Kabla ya kuinua mguu wowote, mwili hujikabidhi kwanza kwa mguu unaobaki. Kwenye filamu ya picha 24 kwa sekunde, mimi hupiga kila mkao mara mbili, ikawa mikao 12 kwa sekunde na 720 kwa dakika. Hatua ya mtu mzima asiye na haraka inachukua kama mikao 6. Bibi kizee tukampa 10, na kati ya hiyo minne ya mwanzo ni nyonga tu inayosogea. Mguu bado uko chini. Alipoicheza video ile kwa mara ya kwanza, mwili bila kichwa ukivuka meza, alinyamaza. Kisha akasema, "Amechoka."

Kwa mambo ya uso humrudia Jiří Trnka wa Chekoslovakia. Filamu yake ya mwisho, *Ruka*, yaani Mkono, ilitoka mwaka 1965, na ni ya dakika 18 hivi. Ni habari ya mfinyanzi anayetunza ua lake na kulifinyangia vyungu, hadi mkono mkubwa unapoingia ndani na kumtaka afinyange sanamu ya mkono tu. Mkono huo ni wa mtu halisi, ndani ya glavu, na kando yake kikaragosi kinaonekana kidogo kweli kweli. Uso wa mfinyanzi umepakwa rangi tu na haubadiliki. Lakini kichwa kikiinama kidogo, taa ikitoka pembeni, unaapa kwamba umeona hofu. Nimeisimamisha filamu hiyo mara nyingi kutafuta uso ulipobadilika. Kilichosogea ni shingo na mabega.

Na nilipoona *Muana Mboka* ya Jean-Michel Kibushi wa Kongo, ya mwaka 1999, vikaragosi kwenye mitaa ya Kinshasa na mtoto wa mitaani katikati yao, nilivunja seti niliyokuwa nayo, nyumba ya paa lenye theluji ambayo sijawahi kuishi mfano wake. Nikajenga baraza.

Ukitazama filamu fupi kwa ajili ya kujifunza, tafuta isiyo na maneno. *Peter and the Wolf* ya Suzie Templeton, ya mwaka 2006, iliyopigwa Łódź, Poland, ikapata Oscar mwaka 2008, haina mazungumzo hata kidogo. Una muziki wa Prokofiev tu. Zima na muziki. Ifungue kwenye kompyuta kwa VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza herufi E, filamu itasonga picha moja kila ukibonyeza. Bandika karatasi kwenye kioo kufunika nusu ya juu, ubaki na miguu. Peter anapoteleza kwenye bwawa lililoganda, hesabu mikao kati ya unyayo kuteleza na nyonga kuufuata. Iandike daftarini. Mimi nina madaftari matatu ya miguu ya watu wengine, na kila nikikwama huyarudia.

Kichwa cha bibi bado kiko rafuni kwangu, nimekifunika leso vumbi lisiingie kwenye kope. Binti anakuja kukichukua Jumamosi. Ameniomba nimtobolee shingo kwanza, nati ya milimita 3, na ameuliza kama kinaweza kupunguzwa uzito kwa ndani, maana ameshakipima mkononi na anaona nyonga zitakisikia.