Si Buibui wa Jangwani, ni Yule Uliyemponda Shingoni

Ndugu aliyeko Maskati akirusha tu video ya buibui wa jangwani, basi hapa Wete naletewa shingo zenye malengelenge na simu juu: "Daktari, kaniuma huyu!" Huyu ni mnyama wa nchi kame: Omani, Iraki, Somalia, kaskazini mwa Kenya. Na hata huko anasingiziwa mengi.

Linalonichosha zaidi ni hili la sumu, kwamba akikuuma nyama inaoza. Hana tezi za sumu wala mwiba. Si buibui hasa, wala si nge. Ana oda yake mwenyewe, yaani kundi lake la kibiolojia, yenye spishi zaidi ya 1,000. Silaha yake ni taya, kama koleo mbili zilizolazwa sambamba, na windo hulitafuna lingali hai. Mkubwa akikubana utaumia, hata ngozi itachanika. Kinachooza ni kidonda kilichoachwa na uchafu. Osha kwa maji na sabuni. Mafuta ya taa yabaki kwenye kibatari, na hiyo dawa ya meno mnayopaka kidondani sijui nani kawafundisha.

Malengelenge ya msimu wa mvua mara nyingi ni kazi ya Paederus, mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayefuata taa. Wala haumi. Umekaa barazani usiku, anakutambaa shingoni, unamponda, na majimaji yake yanaunguza ngozi. Malengelenge hutoka kesho yake au keshokutwa, ushamsahau, unatafuta wa kumlaumu kwenye simu. Mpulize aondoke! Ukishamponda, osha papo hapo, na mkono usipeleke machoni.

Ati buibui wa jangwani hufukuza watu? Anafuata kivuli. Ukikimbia, kivuli chako nacho kinakimbia. Ati mkubwa kama sinia? Pamoja na miguu, hata wakubwa hufika kama sentimita 15. Ile picha ya Iraki ya 2004 iliyosambaa mtandaoni ni wawili walioshikana, wakaning'inizwa karibu na kamera. Miguu ni minane; ile jozi ya mbele inayofanana na miguu ni ya kupapasia. Ati hutaga mayai tumboni mwa ngamia? Upuuzi mtupu.

Huko jangwani hula mchwa, mende, mijusi midogo, hata nge, naye huliwa na bundi na mbweha. Watu wanamuua kwa kuogopa sumu, kumbe wanamuua mla nge.

Nge ndiye mwenye sumu, na huyo hakuna anayenionesha kwenye simu. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Mtoto akichomwa, mlete usiku huo huo.