Je, wajua kwanini mtungule unajaa maua wakati wa kaskazi halafu hauzai?

Kama una bustani nyumbani hapa Unguja au Pemba, hata ya ndoo tatu tu pembeni ya kisima, hichi kitu umekiona. Inafika Januari, mtungule umesimama vizuri, majani mabichi, maua ya njano yamejaa, unaanza kuhesabu moyoni kwamba mwaka huu Ramadhani sinunui tungule sokoni, halafu asubuhi moja unakuta maua yamelala chini kwenye mchanga, kesho yake mengine, na wiki ya pili mti una majani matupu. (Tungule ndio nyanya kwa ndugu zetu wa bara, nsije nkawachanganya.)

Mie yalinikuta. Jirani yangu mmoja, mtu mzima, alipita akasimama akautazama ule mti akaniambia "mwanangu, huo umeingia kijicho, usomee." Nkamwambia nimekusikia bi mkubwa. Mume wangu yeye akashikilia kuwa ni maji, hauyapati ya kutosha. Basi nkaongeza maji, asubuhi, jioni, na mchana nkipata nafasi, na maua yakazidi kudondoka na majani ya chini yakaanza kugeuka njano. Dua sikuiacha, lakini nkaanza na kutafuta sababu yenyewe, maana nlikuwa nauona mti una afya na bado hauzai, na hilo halinipi usingizi.

Sababu kubwa ni joto la usiku. Sote tunalaumu jua la mchana kwa vile ndo linalotuchoma sie, kumbe mtungule unaumia zaidi usiku.

Chuma ua moja la mtungule ulitazame kwa karibu. Katikati ya zile petali za njano kuna kitu kama kibomba kidogo kilichochongoka, na chavua, ule unga wa njano wa kiume, imo ndani yake. Ndani ya kibomba kuna kijiti chembamba, hicho ndo sehemu ya kike, chavua ikidondokea kwenye ncha yake basi tungule inaanza kuumbwa. Yani ua la mtungule linajizalisha lenyewe, linataka kutikiswa tu, na upepo unatosha, au yule mdudu mweusi mkubwa anaetoboa boriti za nyumba, akilishika ua akavuma unga unamwagika. Sasa saa tatu asubuhi shika ua uligonge kidogo kwa ukucha juu ya kioo cheusi cha simu. Wakati wa kipupwe utaona vumbi la njano limebaki kwenye kioo. Mie nlifanya hivo Februari, maua matano, kioo kikabaki kisafi, na kwenye mawili kati ya hayo kile kijiti kilikuwa kimetokeza nje ya kibomba, kimerefuka kupita mahala pake, kwa hivo hata unga ungekuwepo usingeifikia ncha yake. Hiyo ni alama ya joto, ua linapokulia kwenye joto kali kijiti kinarefuka.

Tungule kwao ni magharibi ya Marekani Kusini, pande za Peru na Ecuador, umezoea mchana wa jua na usiku wa baridi. Joto la mchana likizidi kama nyuzi 32 na la usiku likawa halishuki chini ya nyuzi 21 hadi 24, inategemea na aina ya mbegu, kazi ya kutengeneza chavua inaharibika. Mti mchana unatengeneza sukari kwa jua, na usiku unapumua, unaitumia ile sukari. Usiku ukiwa wa moto unapumua kwa kasi, sukari inaliwa, na chavua ambayo inataka ijazwe sukari ili iwe na nguvu inabaki kavu, imekufa au imelegea. Ua likifunguka halipati uzao, na mti haumlei asiyezaa, kwenye kile kifundo kilichopo katikati ya kikonyo (kipo, kitafute kwa kidole) unajikata wenyewe. Kifundo kinageuka njano kwanza, siku moja mbili, halafu ua linadondoka. Ukiona njano pale ujue hilo limeshakwenda.

Na hapa ndo pana jambo nlilokuwa silijui kabisa. Chavua haiharibiki siku ua linapofunguka, inaharibika kabla, wakati ua bado kitumba kidogo kimefunga, kama siku 8 hadi 13 nyuma. Kwa hivo maua yanayodondoka leo yaliumia wiki iliyopita na zaidi. Ndo maana ikinyesha mvua moja ya ghafla katikati ya kaskazi, kukapoa siku mbili, watu wanategemea mti utashika na haushiki, inabidi kupoe na kuendelee kupoa, halafu usubiri kama wiki mbili uone.

Sasa jiulize usiku wetu wa Februari ukoje. Sie tumezungukwa na bahari, na bahari haipoi haraka kama ardhi, upepo wa kaskazi unakuja umepita juu ya maji ya uvuguvugu, una unyevu, na hewa yenye unyevu inashika joto usiku kucha. Kipimo cha usiku kinakaa nyuzi 24, 25, siku nyengine zaidi. Linganisha na Lushoto, mita kama 1,400 juu ya bahari, mchana jua lipo lakini usiku watu wanajifunika blanketi, na mtungule kule unastarehe. Kwa hivo tungule nyingi tunazokula miezi hii zinavuka na boti kutoka bara, na bei yake Darajani na Mwanakwerekwe inajulikana.

Tena nyumbani panazidi shamba kwa joto. Baada ya isha nenda ukaweke kiganja kwenye ukuta wa nyumba upande wa magharibi, ule uliopigwa jua la alasiri. Bado wa moto. Ukuta wa matofali unakunywa joto mchana na kulitoa polepole mpaka usiku wa manane, na wengi wetu ndoo na polo za mboga tumezipanga hapo hapo chini yake kwa vile ndo penye nafasi. Mie nlizivuta hatua nne kutoka ukutani, nkazipeleka chini ya mpera. Chombo cheusi pia kinachemsha mizizi, kifunge gunia au kizungushie makumbi.

Hayo maji niliyoongeza hayakusaidia kitu kwa sababu mti haukuwa na kiu. Majani ya mtungule yakinyauka saa nane mchana usikimbilie ndoo, saa hizo majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavoweza kuyapandisha hata udongo ukiwa majimaji. Yatazame wakati wa magharibi. Yakisimama tena yenyewe basi maji yapo, yakibaki yamelala mpaka alfajiri hapo ndo kiu ya kweli. Chimba kidole mpaka kifundo cha pili, kukiwa na ubaridi na unyevu acha. Mizizi ikikaa kwenye tope inakosa hewa na ndo yale majani ya njano niliyoyapata. Mwagilia alfajiri, taratibu, chini kwenye shina, mengi kwa mara moja kuliko kidogo kidogo kila saa, na kama unatumia mpira wa maji uliolala juani yamwage kwanza yale ya mwanzo kwenye ndoo mpaka yaje ya baridi, yale ya mwanzo yanaunguza mkono wako sembuse mizizi.

Mbolea pia tuwe nayo makini. Mti usiozaa watu wanautilia urea au kinyesi cha kuku, nao unapandisha majani, unapendeza, na maua yanazidi kwenda.

Kuna jengine linalowachanganya sana watu wa uwandani, wale wenye bustani juu ya mawe kule Makunduchi, Paje, Micheweni. Tungule chache zikishika zinatoka na kovu jeusi kitakoni, linazama kama limeoza. Hilo si ugonjwa wa kuambukiza, ni tungule imekosa kalsiam. Mtu anashangaa, kalsiam gani tena na sie tunalima juu ya chokaa tupu? Ni kweli udongo umejaa chokaa, lakini kalsiam inapanda ndani ya mti na maji, ukimwagilia leo ukaacha siku tatu kisha ukagharikisha, njia inakatika na kitako cha tungule, ambacho kipo mwisho wa safari, ndo kinachokosa. Dawa yake maji ya kila siku kwa kiasi kile kile, na kufunika udongo.

Kufunika udongo, jamani, hili ndo ningelisisitiza kama ningeambiwa niseme moja tu. Tuna makumbi, tuna makuti mabovu, tuna nyasi, tuna majani ya mwembe, tunayachoma moto kila Jumapili. Tandaza unene wa kiganja kuzunguka shina, usiligusishe shina lenyewe. Nenda saa nane mchana ushike mchanga ulio wazi, halafu inua yale makumbi ushike wa chini yake, utaelewa kwa mkono wako.

Kivuli nacho kina pahala pake. Jua la asubuhi mpe, la alasiri mkinge, kwa hivo kitalu kikae upande wa mashariki wa mti mkubwa au wa uzio. Saa sita usitegemee ukuta, mwanzoni mwa Machi jua letu linapita utosini kabisa kwenye saa sita na nusu hivi, ukuta hauna kivuli, hapo lazima kitu cha juu, makuti yaliyosukwa mapana yenye mianya, chandarua kikuukuu kilichokunjwa mara mbili, au ile neti nyeusi ya kivuli wanayouza maduka ya pembejeo. Mianya iwepo, mboga ikikaa gizani inarefuka tu. Kivuli kinapunguza joto la mchana, la usiku hakiliwezi, tuwe wakweli, kinasaidia pale ambapo mti ulikuwa umebakisha kidogo kushika. Pia utikise mti kwa mkono asubuhi saa mbili saa tatu, ile chavua iliyopona ipate njia.

Na tungule zikishika usizingojee ziive mtini. Rangi nyekundu ya tungule haitengenezeki vizuri joto likipita kama nyuzi 30, inabaki machungwa machungwa na mabega ya njano. Ikianza tu kubadilika ichume, weka ndani kwenye pakacha pahala penye hewa, itawiva nyekundu kuliko ile uloiacha juani.

Mbegu nayo ina neno. Tungule ndogo, zile zinazokaa kama vichane, kwa kawaida zinavumilia joto kuliko zile kubwa za kukata kachumbari. Zipo pia mbegu zilizotafutwa makusudi kwa nchi za joto, Kituo cha Mboga cha Dunia kilichoanzishwa Taiwan mwaka 1971, kina tawi Arusha, kimeifanya kazi hiyo miaka mingi, kwa hivo dukani muulize muuzaji mbegu ipi inashika kwenye joto la pwani, usichukue kwa picha ya pakti. Pilipili boga na maharage mabichi yana tatizo hilo hilo la kudondosha maua, na kotmiri yenyewe inakimbilia kutoa mbegu kabla hujapata hata fungu la kutia kwenye mchuzi.

Ndo maana kaskazi hii kitalu kikubwa nimekipa mchicha. Mchicha umeumbwa vyengine, namna yake ya kutengeneza chakula kwa jua ni ile ile ya mahindi na muwa, jua kali ndo raha yake na maji unatumia kwa uangalifu. Unamwaga mbegu, kama wiki tatu nne unaanza kuchuma, ukikata juu unachipua pembeni. Bamia nazo ni watoto wa joto, asubuhi utakuta ua lake la rangi ya maziwa na kitovu cha zambarau limefunguka, jioni limeshafunga, siku chache tu bamia iko tayari, na ukichelewa siku mbili inakuwa kuni. Kunde ukila majani yake na mbegu zake umepata mara mbili. Matembele ndo usiseme, unachomeka kipande cha mtambaa na kinafunika udongo chenyewe, mie yangu yanatambaa chini ya mibamia na sijatandaza makumbi upande huo.

Ule mtungule sikuung'oa. Niliukata matawi yaliyochoka, nkaufunika shina, nkaupa maji ya kiasi chake nkauacha. Masika yalipokatika na upepo wa kusi ukashika, usiku ukaanza kuwa wa shuka, ukatoa maua upya na safari hiyo yakabaki. Tungule 23, nlizihesabu.

Kwa mwenye kuanza, hesabu ni hii: kutoka kumwaga mbegu mpaka kupandikiza wiki nne hivi, kutoka kupandikiza mpaka maua wiki nne tano, kwa hivo ukitaka maua yafunguke Julai ndani ya kipupwe mbegu zimwagwe mwanzo wa Mei, lakini miche ikae barazani au chini ya bati, maana mvua ya masika ikiipiga ukungu unaimaliza. Zangu nimeshaziweka kwenye kikopo.