Makofi mawili kwenye mkeka

Mzazi anapomleta binti yake kwenye darasa langu la judo, swali la kwanza huwa lilelile: "Mwalimu, ataweza kumpiga mwanamume?" Hofu iliyo nyuma ya swali hilo naielewa. Lakini huwa nawajibu waziwazi kwamba mtoto wa kilo 38 hamwezi mtu wa kilo 80 kwa nguvu, na mwalimu anayewaahidi hivyo anawadanganya. Kuna jambo jingine atakalolipata, nami naliona kubwa zaidi.

Wiki za mwanzo hatuangushani. Tunajifunza kuanguka, yaani ukemi. Kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisigonge chini, mgongo unaviringika, kisha kiganja na kigasha vinaupiga mkeka kwa pamoja ili kishindo kisambae. Mwanzoni kila mtoto hutanguliza kiganja, kama sote tufanyavyo tukiteleza, na hivyo ndivyo watu wanavyovunjika vifundo vya mikono. Polepole mwili unakubali. Binti asiyeogopa tena kuanguka utamjua hata kwa mwendo wake. Mifupa nayo inafaidika, kwa kuwa miaka ya kubalehe ndiyo inapojijenga kwa kasi kubwa, na huimarika kwa kuruka, kutua na kubeba uzito.

Kuna mwanafunzi wangu mmoja wa miaka 11 ambaye kila alipompiga mwenzake mtama alisema "samahani", akainama kumwinua kabla yule hajajua kama ameanguka. Wavulana wa rika lake walikuwa wakiangusha na kurudi kwenye nafasi zao bila neno. Sikumkemea, maana adabu ni kitu kizuri. Nilimwomba tu abadilishe neno, badala ya "samahani" aulize "tena?" Ilimchukua miezi. Siku alipoliuliza kwa sauti kamili, huku akimtazama mwenzake machoni, nililazimika kugeukia ukutani kidogo.

Kuna somo lililo dogo kuliko yote ambalo ningelibakiza hata kama ningenyang'anywa mengine. Mwenzako akikubana chini, au akikukunja kiwiko, unapiga makofi mawili kwenye mkeka au mwilini mwake, naye anaachia papo hapo. Haulizi kwa nini. Hasemi "subiri kidogo" wala "mbona sijakuumiza". Binti anayekuja mazoezini mara tatu kwa wiki hugonga mara nyingi sana kwa mwaka, na kila mara anaachiwa. Yeye pia akigongewa, anaachia. Mwili wake unazoea kuwa "acha" yake ina uzito. Siku mtu, hasa yule anayemfahamu na kumwamini, atakapoendelea baada ya kuambiwa aache, binti huyo atatambua mapema kwamba hapo pana ubaya.

Haya siyasemi kwa kukisia tu. Mwaka 2015 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa kwenye vyuo vikuu vitatu vya Kanada, kwa wasichana karibu 900 wa mwaka wa kwanza. Kundi moja lilipewa mafunzo ya saa 12: kutambua dalili za hatari hata kwa mtu wanayefahamiana naye, kukataa kwa maneno, na kujihami kwa mwili. Kundi la pili lilipewa vipeperushi. Baada ya mwaka, waliobakwa walikuwa asilimia 5.2 katika kundi la kwanza na asilimia 9.8 katika la pili. Hatia ya ubakaji ni ya mbakaji, awe binti amefunzwa au hakufunzwa. Ila tofauti hiyo ni maisha ya watu.

Wanaosema huu ni mchezo wa kiume wamechelewa. Mwaka 1959 mwanajudo Mmarekani, Rusty Kanokogi, alishindana katika mashindano ya jimbo la New York akijifanya mwanamume, akashinda, na alipokiri kuwa ni mwanamke alinyang'anywa medali. Mwaka 1980 akaandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya judo ya wanawake, na mwaka 1992 wanawake wakagombea medali kamili za Olimpiki kule Barcelona.

Ukimtafutia binti yako darasa, liwe la judo, karate, mieleka au ngumi, usihesabu vikombe kabatini. Mwalimu anayemshindisha mtoto njaa ili apungue kilo, mkimbie. Kisha kaa pembeni dakika 20 utazame mazoezi ya kushikana: mtoto akigonga, mwenzake anaachia upesi kiasi gani? Asipoachia, mwalimu anafanya nini? Akicheka na kusema "vumilia kidogo", mshike mwanao mkono muondoke.