Je, wajua ni lini hasa Wakatoliki husema Papa hakosei?

Tarehe 28 Machi 2014, katika ibada ya kitubio ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, Papa Fransisko alielekezwa kwenye kiti alichotayarishiwa ili aungamishe waamini. Hakwenda huko. Alikwenda moja kwa moja kwa padre mwingine, akapiga magoti mbele ya kamera zote na kuungama yeye kwanza. Picha ilisambaa, na pamoja nayo likaja swali ambalo halichakai: kumbe Papa naye ana dhambi? Si wanasema hakosei?

Kanisa Katoliki halijawahi kufundisha kwamba Papa hana dhambi. Anaungama kama Mkatoliki mwingine yeyote, na historia ina mapapa ambao maisha yao yaliwatia aibu hata waliowatetea. Halifundishi pia kwamba anajua kila kitu, kwamba maamuzi yake ya kiutawala lazima yawe ya busara, au kwamba jibu alilowapa waandishi wa habari ndani ya ndege ni neno la mwisho. Fundisho lenyewe ni finyu kuliko wengi wanavyodhani. Nadhani hiyo ndiyo sababu halieleweki: wanaolipinga na baadhi ya wanaolitetea huligombania likiwa limevimbishwa.

Fundisho hilo limo katika hati iitwayo Pastor Aeternus, iliyopitishwa na Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, tarehe 18 Julai 1870. Hati inasema Papa hulindwa asikosee anaponena ex cathedra, yaani akiwa kwenye kiti cha ualimu wa Petro. Na kunena hivyo kuna masharti yanayokwenda pamoja. Awe anafundisha kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, si kama mwanateolojia anayetoa maoni yake. Awe anatumia mamlaka yake ya juu kabisa ya kitume. Jambo lenyewe liwe la imani au maadili, na awe analitamka kwa namna ya kukata shauri kwamba Kanisa lote linapaswa kulishika. Sharti moja likikosekana, hakuna tamko la aina hiyo. Hotuba ya Jumapili haimo. Mahubiri ya asubuhi hayamo. Hata nyaraka nzito ambazo mapapa huwaandikia maaskofu na waamini wa dunia nzima, kwa kawaida hazimo, ingawa Mkatoliki anatakiwa azipokee kwa heshima na utii wa akili.

Haikupita kirahisi. Katika kura ya majaribio ya tarehe 13 Julai, mababa wa mtaguso, yaani maaskofu waliohudhuria, 451 walikubali, 88 walikataa, na 62 walikubali kwa masharti. Wengi wa waliopinga hawakuona fundisho lenyewe kuwa la uongo. Waliona wakati wake haujafika, au waliogopa maneno yake yangeeleweka vibaya. Zaidi ya maaskofu hamsini waliamua kuondoka Roma kabla ya kura ya mwisho, kwa kuwa hawakutaka kusema "hapana" mbele ya Papa Pio IX mwenyewe. Siku ya kura mvua kubwa ya radi iliipiga basilika, ndani kukawa giza, na wanaosimulia tukio hilo wanasema ilibidi mshumaa uletwe ili Papa aweze kusoma maandishi. Kura zikawa 533 za ndiyo na mbili za hapana. Mmoja wa hao wawili alikuwa Edward Fitzgerald, askofu wa Little Rock huko Marekani, ambaye alilikubali fundisho mara baada ya kupitishwa. Kesho yake Ufaransa, ambayo askari wake waliilinda Roma, ikatangaza vita dhidi ya Prussia, dola la Wajerumani, ikawaondoa askari hao, na tarehe 20 Septemba jeshi la Italia likaiteka Roma. Papa alipewa neno la mwisho katika imani mwaka uleule alioporwa mji wake, jambo ambalo wanahistoria hawachoki kulitaja.

Lakini kwa nini Kanisa liliona linahitaji kitu kama hiki?

Wakatoliki huanzia kwenye Maandiko: Yesu anamwambia Petro kwamba juu ya mwamba huu atalijenga Kanisa lake na kumpa funguo (Mathayo 16), anamwombea imani yake isitindike ili awaimarishe ndugu zake (Luka 22), kisha anamkabidhi kondoo wake (Yohane 21). Waprotestanti huzisoma aya hizohizo kwa namna nyingine, na wengi wao husema mwamba ni imani aliyoikiri Petro, wala si kiti cha kurithiwa. Waorthodoksi humpa askofu wa Roma heshima ya kuwa wa kwanza miongoni mwa maaskofu, lakini hawakubali kwamba peke yake anaweza kukata shauri la imani kwa niaba ya wote.

Nyuma ya aya hizo kuna hoja ninayoiona nzito zaidi. Biblia haikushuka ikiwa na orodha ya vitabu vyake. Ndani yake hakuna aya inayosema Waraka kwa Waebrania umo na Injili ya Tomaso haimo. Orodha ilitambuliwa polepole na Kanisa lililokuwa likivisoma vitabu hivyo katika ibada. Ikatajwa na mitaguso ya Afrika ya Kaskazini, Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, kisha Mtaguso wa Trento ukaifunga rasmi tarehe 8 Aprili 1546: vitabu 73. Mkatoliki basi huuliza: ikiwa Kanisa lingeweza kupotoka katika kuamua Neno la Mungu ni lipi, mimi ninayesoma leo nasimama juu ya nini? Kwake Maandiko Matakatifu na Mapokeo ni amana moja ya imani iliyotoka kwa Mitume, na mamlaka ya kufundisha yapo ili kuilinda. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka mwaka 1965, katika hati Dei Verbum, kwamba mamlaka hayo hayako juu ya Neno la Mungu bali yanalitumikia.

Mtaguso wa 1870 nao ulikuwa umeweka mpaka huo mapema: Roho Mtakatifu hakuahidiwa kwa waandamizi wa Petro ili wafunue fundisho jipya, bali wailinde na kuifafanua kwa uaminifu imani iliyokwisha kupokelewa. Kwa hiyo Papa hawezi kuamka asubuhi na kuongeza nafsi ya nne katika Utatu. Ulinzi wenyewe ni wa kuzuia tu. Haumpi Papa maneno mazuri wala haumhakikishii kwamba atasema kwa wakati ufaao. Unazuia kosa lisitamkwe kama imani ya lazima kwa Kanisa lote.

Mfano wa Papa Yohane XXII unafundisha kuliko maelezo mengi. Akiwa Avignon, mji wa kusini mwa Ufaransa ya leo ambako mapapa waliishi wakati huo, kuanzia Sikukuu ya Watakatifu Wote mwaka 1331, alihubiri kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu uso kwa uso mpaka siku ya hukumu ya mwisho. Wanateolojia wa Paris wakampinga waziwazi. Naye hakuwa ametoa tamko la kulifunga Kanisa. Alikuwa akihubiri na kujadili. Desemba 1334, akiwa kitandani anakaribia kufa, aliyafuta maneno yake. Mwaka 1336 mwandamizi wake, Benedikto XII, alitoa hati rasmi iitwayo Benedictus Deus iliyofundisha kinyume kabisa: roho zilizotakaswa humwona Mungu hata kabla ya siku hiyo. Papa alikosea, akakosolewa, na kosa lake halikuingia katika imani ya Kanisa. Kesi ya mwaka 1633 ya Galileo, mwanasayansi aliyeshtakiwa kwa kutetea kwamba dunia hulizunguka jua, ambayo hutajwa kila mara katika mjadala huu, ilikuwa hukumu ya mahakama ya kanisa; ilikuwa kosa, na Yohane Paulo II alilizungumzia hadharani mwaka 1992, ila haikuwa tamko la ex cathedra.

Matamko ya ex cathedra ambayo karibu wanateolojia wote hukubaliana kuyahesabu ni mawili. La kwanza ni la Pio IX, tarehe 8 Desemba 1854, kwamba Bikira Maria alikingiwa dhambi ya asili tangu kutungwa kwake mimba. La pili ni la Pio XII, tarehe 1 Novemba 1950, kwamba alipalizwa mbinguni mwili na roho. Yote mawili hayakuja ghafla. Mwaka 1946 Pio XII aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima akiwauliza kama wao, mapadre na waamini wao wanaliamini jambo hilo, na kama lifaa kutangazwa. Karibu wote wakajibu ndiyo. Yeyote anayesoma tamko la 1950 ataona maneno yenyewe yanajitambulisha: Papa anasema anatangaza, anatamka na kufafanua kuwa ni fundisho lililofunuliwa na Mungu.

Mafundisho makuu ya Ukristo hayamo katika hesabu hiyo. Umungu wa Kristo ulitetewa Nisea mwaka 325, katika mtaguso ambao Papa Silvesta hakuhudhuria. Aliwakilishwa na mapadre wawili. Mitaguso iliyofuata ya Konstantinopoli, Efeso na Kalsedonia ndiyo iliyoweka maneno kuhusu Roho Mtakatifu, Mama wa Mungu na hali mbili za Kristo, ya Kimungu na ya kibinadamu. Mtaguso mkuu ukikubaliana na Papa nao hulindwa usikosee, na vivyo hivyo maaskofu waliotawanyika duniani wanapofundisha jambo lilelile pamoja naye kuwa la kushikwa daima.

Hapo kwenye njia hii ya mwisho, ya maaskofu waliotawanyika, ndipo ubishi wa leo ulipo. Mwaka 1994 Yohane Paulo II aliandika katika Ordinatio Sacerdotalis kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre, na kwamba msimamo huo ushikwe na waamini wote. Hakutumia maneno ya tamko kama yale ya 1950. Mwaka uliofuata Idara ya Mafundisho ya Imani, ofisi ya Vatikano inayosimamia mafundisho, ikaeleza kwamba fundisho hilo halikosei, si kwa sababu waraka ule ni ex cathedra, bali kwa sababu ndilo maaskofu pamoja na Papa wamelifundisha siku zote. Baadhi ya wanateolojia hawakuridhika: idara, walisema, yenyewe haina karama ya kutokosea, sasa nani atuhakikishie kwamba sharti la umoja wa maaskofu limetimia?